Kabla Hujauza Mbuzi

Kijana mmoja wa Olbalbal alinikuta Karatu, nje ya duka la jumla, akainamisha kichwa nimguse kama ilivyo desturi kwao. Halafu akatoa simu. Mle ndani mlikuwa na kundi la WhatsApp lenye picha za watu wameegemea magari mapya, na maelezo chini yake: weka laki moja, kila siku unaingiziwa elfu tatu bila kutoa jasho, ukileta watu watano unapanda daraja.

"Mzee, hii biashara ni halali?"

Alikuwa ameshauza mbuzi watatu. Hela za wawili zilikwenda tayari, za mmoja bado zilikuwa mfukoni.

Sikumjibu. Nilimuuliza, akitaka kununua ng'ombe kwa mtu asiyemjua anafanyaje. Akacheka, akaanza kuhesabu kwa vidole. Anatazama meno. Anatazama kwato na chuchu. Anatazama alama ya moto ubavuni na mkato wa sikio ajue ni wa ukoo gani. Anauliza ametokea malisho ya wapi, mama yake anatoa maziwa kiasi gani, na kwa nini anauzwa. Hilo la mwisho anauliza mara mbili, asubuhi na jioni, asikie kama jibu litabadilika.

Nikamwambia, haya, hii laki yako inayozaa elfu tatu kila siku inakula majani gani?

Kaa na hesabu hiyo kidogo. Elfu tatu kwa siku ni 1,095,000 kwa mwaka, yaani laki moja imezaa karibu laki kumi na moja. Zunguka Karatu yote, kwa wenye mabasi, wenye loji, wakulima wa vitunguu wa Mang'ola wenye mashine za kumwagilia; hakuna atakayekuambia mtaji wake unazaa hivyo. Kama hakuna kinacholimwa, kinachofugwa wala kinachouzwa, basi elfu tatu yako ni laki ya mwenzako aliyeingia jana. Siku wenzako wakiisha, na wewe umeisha. Nchi hii imeshalia kilio hicho. DECI iliwaambia watu wapande hela kama mbegu, ikasambaratika mwaka 2009 na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Kisha ukaja mradi wa Mr Kuku, watu wakawekeza kwenye kuku ambao hawakuwahi kuwaona wakidonoa. Jina litabadilika tena, mbegu itakuwa kitu kingine.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha biashara halali si karatasi. Ni kuweza kumwonyesha mtu kwa kidole mteja wako ni nani, ananunua nini, na kwa nini anakuachia faida. Karatasi zinakuja baadaye, na zina umuhimu wake, tutazifikia.

Sasa, unaanzia wapi? Ushauri wangu ni wa kizamani: kaa njiani siku moja nzima utazame hela inapita wapi. Olbalbal iko bondeni chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, jirani na Oldupai. Barabara ya watalii inatoka Karatu, inapanda ukingo wa kreta, inashuka tambarare kuelekea Serengeti. Chukua kokoto. Weka moja kwa kila gari la watalii, nyingine pembeni kwa kila lori la bidhaa, nyingine kwa kila kundi la mifugo linalokwenda mnadani. Jioni ziangalie. Watalii na mifugo wanaleta hela. Lori linaondoka nayo.

Hilo lori ndilo watu wengi hawalioni, na mimi ningeanzia hapo.

Kilimo kilipigwa marufuku ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikazuiwa tena mwaka 2009. Maana yake kwa mfanyabiashara ni nyepesi: hapa hakuna shamba, na kila boma linakula ugali. Kila kilo ya unga imenunuliwa nje, nyingi Karatu, na mtu amelipwa kuileta. Mtu huyo anaweza kuwa wewe, au akina mama watano wa boma lenu waliochanga.

Mahindi ya Karatu huvunwa katikati ya mwaka, na bei hushuka ghala zikijaa. Kufika Januari na Februari bei imepanda, na ndio wakati nyumbu wamejaa tambarare kuzaa na wafugaji wamehamisha ng'ombe kukwepa ugonjwa wa nyumbu hao, kwa hiyo maziwa hayako karibu na nyumba na unga unaliwa zaidi. Aliyenunua Agosti akahifadhi vizuri ana cha kuuza Februari. Kuhifadhi vizuri ni kukausha mahindi mpaka ukiuma punje inavunjika kwa mlio, kisha kuyaweka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani isiyopitisha hewa. Dumuzi hufa humo kwa kukosa pumzi. Usihifadhi kwenye kiroba cha kawaida ukategemea dawa uliyopimiwa kwa kifuniko cha soda.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako za siku hiyo. Gunia la kilo 100 umelinunua 70,000. Nauli ya lori 10,000. Kupakia na kushusha 2,000. Kusaga dona na mifuko midogo 5,000. Jumla 87,000. Kilo mbili zimepotea njiani na mashineni, zimebaki 98. Ukiuza kilo kwa 1,100 unapata 107,800. Faida ni 20,800. Umefurahi.

Jioni anakuja shemeji, anataka kilo kumi, atalipa mnada ujao. Asubuhi mama mkwe, kilo tano. Mchana rafiki wa rika lako, kilo tano. Ni kilo 20, ni shilingi 22,000. Faida yote ya gunia imetoka mlangoni kwa miguu ya ndugu, na umeongeza 1,200 ya mtaji juu yake. Hakuna mwizi aliyekuja. Biashara nyingi za kwetu hazifi kwa kukosa wateja, zinafia hapo hapo kizingitini, na mwenye duka ataapa kwamba amerogwa.

Wala sikuambii umnyime mama mkwe. Huwezi, na ukifanya hivyo utaishi na nani? Ninachosema ni kwamba deni la ndugu lipangiwe fungu lake kabla halijaja. Amua kwamba kwa kila gunia, kilo tano ni za kukopesha, zikiisha zimeisha mpaka mmoja arudishe. Madaftari yawe mawili, na la pili alishike mtu mwingine, mkeo au dada yako, ili useme kwa ukweli kabisa, "Fungu la mkopo limekwisha, muulize yeye." Kwa mteja asiyesoma, chora alama ya mifugo yake ubavuni mwa jina lake. Hiyo anaijua kuliko sahihi, na hatabishana nayo.

Kitu kimoja zaidi kuhusu unga: nunua mizani, ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Mtu aliyezoea kupimiwa kwa kopo lililobonyezwa tumboni akiona mshale wa mizani umetulia kwenye kilo tano, atarudi kwako hata kama jirani anauza kwa bei pungufu. Huko Karatu nako ukinunua, usihesabu magunia, hesabu kilo. Anayekuuzia lumbesa leo kwa kukupendelea, kesho atakuuzia gunia lililolegea.

Shanga nazo. Hapa nitawaudhi mama zangu kidogo. Nimesimama kwenye meza za shanga mara nyingi, na kitu ninachokiona ni meza kumi zenye bidhaa moja. Mikufu mipana ya arusi, mizuri kweli, ambayo mgeni ataishika, ataisifu, ataipiga picha, na kuirudisha mezani kwa sababu hajui ataivaa wapi kwao. Kisha anauliza kama kuna kitu kidogo.

Siku moja mgeni alinunua bangili kwa yeyo (mama) mmoja, akaivaa papo hapo, na kabla hajafika kwenye gari uzi ukakatika. Shanga zikamwagika kwenye lile vumbi la kijivu la majivu ya volkano, na sote tukapiga magoti kuokota, mgeni naye. Alicheka, hakudai hela yake. Lakini wenzake watatu waliokuwa wameshafungua pochi walizifunga. Nikaitazama ile bangili baadaye. Shanga zilikuwa nzuri na rangi zimepangwa vizuri. Tatizo lilikuwa fundo moja, limefungwa mara moja tu na kukatwa karibu mno. Fundo lirudiwe mara tatu, mkia wa uzi urudishwe ndani ya shanga tano au sita kabla ya kukatwa, kisha ivute kwa nguvu uliyonayo. Ikikatika, bora ikatike kwako.

Halafu pima. Mikono ya wageni haifanani na yetu, kwa hiyo weka saizi tatu na kamba ya kurekebisha. Tengeneza vitu vya kuingia mfukoni: hereni, kishika funguo, mkanda mwembamba wa saa, kola ya mbwa (usicheke, wenzetu wanawavisha). Andika bei kwenye kikaratasi. Mgeni asiyejua kupatana bei huogopa kuuliza, anapita.

Na hesabu gharama. Shanga za kioo hazioti Olbalbal. Nyingi zinatoka Jamhuri ya Czech na zinanunuliwa Arusha kwa kipimo. Gawanya bei ya fungu kwa idadi ya bangili zilizotoka, ongeza uzi, nauli, na siku zako. Siku ndizo hazihesabiwi. Mkufu uliokula siku nne ukiuzwa kwa bei ya bangili mbili zilizokula nusu siku, umeuza macho yako bure.

Halali ina upande mwingine kwenye meza hiyo. Usiweke ganda la yai la mbuni, jino, pembe, kwato wala ngozi ya mnyamapori, hata kama umeiokota imekauka porini na mnyama alikufa mwenyewe. Ukikutwa nayo bila kibali ni nyara za serikali, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haitakuuliza ulikusudia nini. Vivyo hivyo jiwe lenye makali au mfupa uliogeuka jiwe kutoka korongo la Oldupai. Mahali pale ndipo Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus Julai 1959, na makumbusho mapya yalifunguliwa mwaka 2017. Vitu vyake vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mgeni akikunong'oneza kwamba atatoa dola kwa "kijiwe cha zamani," mwonyeshe njia ya makumbusho. Mle atakiona kwa halali, na akitoka ana hamu ya kununua bangili.

Biashara ya mifugo sitaigusa sana. Wazee wa pale wananizidi, na mimi nikianza kuwafundisha mbuzi watanicheka. Nitasema mawili. Kununua waliokonda kiangazi, kuwapa mwezi mmoja au miwili ya majani mapya na kuwauza kuelekea Krismasi au Idi ni biashara, mradi bei ya kununulia iliandikwa mahali. Asiyeandika hujikuta anasherehekea kuuza, si kupata faida. Na mnyama asisafirishwe bila kibali cha daktari wa mifugo na stakabadhi ya mnada, maana mbuzi asiye na karatasi njiani ni mbuzi wa wizi mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kuchaji simu kwa sola ni kazi nzuri kwa kijana mwenye paneli moja na betri, hasa akiuza na vocha. Uwakala wa fedha nao unalipa, ila unataka floti isiyoguswa. Usiuanze kama hela ya floti ndiyo hela ya chakula.

Sasa karatasi. Watu wa Olbalbal wana mtego wao wa kijiografia: soko lao ni Karatu, lakini halmashauri yao ni Ngorongoro, na makao yake ni Loliondo, upande wa pili wa tambarare. Nimeona kikundi kimepoteza siku mbili kwenye ofisi za Karatu kikiomba mkopo wa halmashauri isiyokuwa yao. Anzia nyumbani. Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji, kisha afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyo ndiye mlango wa vikundi, wa mikopo na wa kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo. Barua hiyo inaonekana kitu kidogo. Agosti 2024, vijiji na kata za tarafa ya Ngorongoro vilipofutwa kwa tangazo la serikali na Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo hilo mwezi huo huo, watu walitambua ghafla kwamba bila kijiji hakuna mhuri, na bila mhuri huna pa kuanzia. Toa nakala, weka na nyingine kwa ndugu Karatu.

Cha pili ni namba ya NIDA. Bila hiyo hakuna TIN, hakuna laini ya simu ya jina lako, hakuna jina la biashara BRELA. TIN inatolewa bure na TRA; unayemlipa steshenari unamlipa kazi ya kuchapa na intaneti, usikubali akuambie ni bei ya TIN. Leseni ya biashara siku hizi inaombwa kwa mfumo wa TAUSI, unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu, hivyo safari ya Loliondo inaweza kuepukika ukipata mtu mwaminifu wa kukujazia Karatu. Nywila ibaki kwako. Ukitaka kusimamisha kibanda ndani ya hifadhi, pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mabati yaliyong'olewa hayarudi yalivyokuwa. Mimi ningeanza kwenye nyumba iliyopo.

Kodi inawatisha watu kuliko inavyostahili. Kwa viwango vilivyotumika miaka hii, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni nne halipi kodi ya mapato. Milioni nne ni kama shilingi 11,000 za mauzo kila siku. Akizidi hapo mpaka milioni saba, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000; anayetunza analipa asilimia tatu ya kile kilichozidi milioni nne. Chukua mwenye mauzo ya milioni sita: aliyeandika analipa 60,000, asiyeandika analipa 100,000. Daftari la shilingi elfu mbili limeokoa elfu arobaini. Viwango huguswa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo Julai ikifika uliza.

Na mtaji? Kama unaweza, usikope hela ya kuanzia; anza na mbuzi mmoja, mtaji uongezwe na faida. Kama lazima, VICOBA ya wanaojuana ndiyo njia ninayoiamini: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa maboma tofauti, hisa zinagongwa mihuri kwenye vitabu mbele ya wote, na mkopo unajadiliwa hadharani. Kikundi kisajiliwe halmashauri, kama inavyotakiwa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kikishazoea kurudishiana, ndipo kiombe ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyorudi, ikarejeshwa mwaka 2024, na sasa wanachunguza kwa makini. Kikundi kilichoundwa Jumatatu ili kiombe Ijumaa kinajulikana kwa harufu.

Mkopo wa kausha damu usiuguse. Jina lenyewe limesema. Wala mkopo wa programu ya simu inayotaka kusoma namba zote za watu wako. Siku ukichelewa, mama yako atatumiwa ujumbe kwamba mwanawe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya wakopeshaji 69 wa mtandaoni wasio na leseni. Kabla ya kukopa, uliza leseni ya BoT, na uelezwe riba kwa shilingi, si kwa asilimia: nachukua ngapi, narudisha ngapi, lini.

Turudi kwenye ule mlango wa duka la jumla. Kijana aliniuliza afanyeje kuhusu hela za mbuzi wawili. Kundi lilikuwa linamdai elfu thelathini "za kufungua akaunti" ili atoe faida yake. Nikamwambia huo ni wizi wa pili, unakuja kwa aliyeshaibiwa wa kwanza. Tukaituma ile namba 15040, ambako ujumbe wa matapeli unapokelewa, tukapanga aende polisi na picha za mazungumzo kabla kundi halijafutwa. Sikumwahidi kwamba zitarudi.

Kisha tukaingia ndani. Alitaka kununua palepale, nikamzuia. Tulinunua daftari na kalamu, tukauliza bei ya mahindi hapo, na kwenye maduka matatu mengine, na kwa mwenye lori nauli ya gunia moja mpaka njia panda ya Oldupai. Aliandika kwa herufi kubwa, anabonyeza kalamu mpaka ukurasa wa pili unaonyesha alama. Juu kabisa aliandika tarehe, chini yake bei nne, chini yake nauli. Alipomaliza akakaa kimya kidogo, akapiga mstari, akaandika jina la shemeji yake na mbele yake, "kilo tano tu."